Hatua Aliyoiita Dhahiri

Ukitaka kumkera Profesa, umwambie jambo kwa uhakika. Hilo nilijifunza wiki yangu ya kwanza ya kuwa karani wa idara, nilipomhakikishia kwamba kikao cha mchana bila shaka kingeanza kwa wakati. Aliacha kutafuna biskuti, akanitazama juu ya miwani.

"Bila shaka?" akasema. "Shaka yote imekwenda wapi, bibi?"

Nilidondosha kalamu, maana alisema kwa Kiswahili. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Doha kumfuata mume wangu, mlinzi katika majengo mapya ya Lusail, na kwenye idara ile ya hisabati nilitarajia Kiingereza, Kiarabu na Kihindi. Sikutarajia Mwingereza mwembamba mwenye kichwa cheupe anayepanga ngeli kama mtu wa pwani. Kumbe ujanani aliwahi kufundisha sekondari huko Songea, na Kiswahili chake kilibaki vilevile alivyokiacha, cha zamani na cha adabu, kama shuka iliyokunjwa ikawekwa sandukuni. Alisema "ala!" na "haidhuru". Mambo yaliyozuka baada ya Songea, kama barua pepe, aliyataja kwa kusitasita. Aliponiuliza nina watoto nikamwambia nina binti, tangu siku hiyo akaniita Mama Asha, nami sikumwita jina lake hata mara moja. Alikuwa Profesa, basi.

Hakupenda kiyoyozi. Alikizima, akafungua pazia, akakaa kwenye joto la Doha ndani ya koti la sufu. Idara ilikuwa na mbao nyeupe za kuandikia kwa kalamu. Yeye aliwasumbua mpaka wakamtafutia ubao mweusi na chaki, na vumbi la chaki likawa ugomvi wa kudumu kati yake na watu wa usafi. Alitembea korido nzima akiburuza kidole ukutani. Kidole kikisimama, ujue kuna kitu kimekwama kichwani. Mlinzi wetu, kijana Mganda, alikuwa akiwazuia wageni: "Subirini kidogo, mzee amesimama."

Siku moja, tukinywa karaki, ile chai ya maziwa na iliki ya Doha, kwenye vikombe vya karatasi, nilimwuliza, "Profesa, hisabati yako hii inafanya kazi gani?"

"Mpaka leo? Hakuna," akajibu, na uso ukamng'aa kama mzazi aliyeulizwa habari za mwanawe mtundu.

Wenzake wa ghorofa ya chini walipiga hesabu za gesi, za mawimbi, za msongamano wa magari. Yeye alishughulika na hisabati ile isiyojenga daraja wala kuuza kitu. Alinieleza hivi. Kuna milinganyo, na kila mlinganyo ni swali linaloulizwa namba nzima, zile tunazohesabia mayai na watoto. Mingine haina jibu hata moja. Mingine ina majibu machache, ukiyaokota, yamekwisha. Na mingine majibu yake hayaishi, kila ukipata moja kuna jingine mbele. Akiwa kijana, Profesa alithibitisha kwamba ukoo mmoja mzima wa milinganyo una majibu yenye mwisho. Kanuni ile ikabeba jina lake. Watu wa nchi ambazo hajawahi kufika walijenga kazi zao juu yake, na wengine wakajenga juu ya hao.

"Na kuthibitisha ndiyo nini?" nikauliza.

"Ni kufunga kila mlango ambao uongo ungeweza kupitia."

Kwenye milango hiyo hakuwa na huruma. Mtu aliyekuwa akinishikia lifti na kuniuliza hali ya mama yangu Tanga, akisimama mbele ya ubao aligeuka mwingine. Mwanafunzi angesema jambo, naye angeuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini?" Mwanafunzi angejibu. "Kwa nini?" Tena, na tena, mpaka niliona vijana wakubwa wakitoka mle wakijifuta macho kwa mikono ya kanzu. Baadaye angemfuata yuleyule kijana na kikombe cha chai, akakaa naye mpaka jioni.

Na mtu huyo wa ukweli alikuwa akimdanganya mkewe kila Alhamisi. Mkewe alibaki Uingereza kwa sababu ya mapafu yake. Profesa alimwambia kwenye simu kwamba anakula samaki na anatembea ufukweni, huku mezani kuna biskuti tu. Siku moja alinikuta namtazama.

"Huu si uongo, Mama Asha," akasema akiziba simu kwa kiganja.

"Ni nini basi?"

"Ni ndoa."

Adhana ikilia wakati ananipa kazi, alikata maneno katikati. "Nenda. Namba hazikimbii." Nilimwuliza kama yeye husali. Akasema anasubiri uthibitisho. Nikamwambia Mungu hafanyi mitihani ya watu. Alicheka mpaka akakohoa, na kwa siku kadhaa alirudia maneno hayo kwa kila aliyeingia.

Lakini Profesa ninayemkumbuka zaidi ni wa muhula ule wa Nekesa.

Nekesa alikuwa mwanafunzi wake wa udaktari, binti wa Bungoma, Kenya, mwenye sauti kubwa na viatu vya raba. Ndiye pekee aliyejibu "Kwa nini?" ya Profesa kwa kusema, "Na kwa nini isiwe?" Profesa alimpenda kwa hilo. Asubuhi binti alimletea mandazi kutoka mtaa wetu wa Al Mansoura, na Profesa aliyala yote kisha akasema yana mafuta mengi. Tasnifu ya Nekesa iliipanua kanuni ya Profesa ikafika mahali ambapo mwenyewe hakuifikisha. Ufadhili wake na kibali chake cha kuishi Qatar vilikuwa vinakwisha pamoja, mwisho wa muhula. Kwao alishaahidiwa nafasi ya kufundisha chuo, ilimradi arudi na shahada mkononi.

Wiki chache kabla ya siku ya kutetea tasnifu, nilikuwa mlangoni na karatasi za kusainiwa. Nekesa alikuwa akifanya mazoezi ya maswali ya watahini.

"Profesa, hapa kwa uthibitisho wako wa zamani umeandika 'ni dhahiri kwamba'. Wakiniuliza ni dhahiri aje, niwaambie nini?"

"Rahisi," Profesa akasema. Akachukua chaki, akainuka, akaandika mstari mmoja. Akaandika nusu ya mstari wa pili.

Chaki ikabaki imegusa ubao. Nilingoja asogeze mkono. Nekesa naye alingoja, kisha akacheka kidogo, kicheko cha kumsaidia mzee. Profesa hakucheka. Shingo yake, nyuma juu ya kola, ilianza kuwa nyekundu.

"Nenda nyumbani, Nekesa," akasema bila kugeuka. "Tutazungumza kesho."

Kesho yake hakuzungumza na mtu. Wala kesho kutwa. Alijifungia, na kila nilipopita nilisikia chaki, kisha kifutio, kisha chaki. Biskuti nilizopeleka nilizikuta palepale. Na wakati huohuo idara nzima ilikuwa mbioni: chuo kilikuwa kimeandaa mkutano mkubwa wa kumheshimu, wageni walikuwa wameshakata tiketi, na mabango yalikuwa yametundikwa kwenye ukumbi, yamepambwa kwa kanuni yake kwa herufi za dhahabu. Mimi ndiye niliyesimamia mabango. Nilipita chini yake kila asubuhi nimeinamisha kichwa.

Hatimaye alimwita Nekesa, akaniomba na mimi nikae. Nadhani aliogopa kuwa naye peke yake.

"Ile hatua haisimami," akasema. "Sisemi kanuni ni ya uongo. Nasema sikuithibitisha. Niliruka shimo nikiwa kijana, nikaandika 'ni dhahiri', na watu wote wakaruka nyuma yangu. Nimejaribu kuliziba. Sijui namna."

Nekesa alimkodolea macho. "Na tasnifu yangu?"

"Inasimama juu ya shimo hilohilo."

"Basi tungojee. Nitetee kwanza. Wiki chache tu, Profesa. Nikishapita, utangaze."

"Siwezi kukuacha usimame mbele ya watahini, wao wakitahini kitu ambacho mimi najua hakipo."

"Lakini wao hawajui!"

"Mimi najua. Na sasa wewe unajua."

Nekesa aliinuka. Akatia mikono mifukoni. "Ni rahisi kwako," akasema. "Wewe uko na jina, uko na kwenu, uko na pensheni. Mimi nikirudi mikono mitupu, nitawaambia nini watu wa nyumbani? Ati niliuliza swali zuri?"

Nekesa akatoka, na mlango akauacha wazi.

Mkuu wa idara alipata habari siku hiyohiyo, kwa sababu Profesa alimwendea mwenyewe. Meza yangu ilikuwa nje ya mlango wake, na hawakujali kuufunga. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mipango, na mipango yake yote ya mwaka ule ilikuwa imetundikwa ukumbini.

"Miaka yote hii hakuna aliyeliona shimo hilo," alisema kwa Kiingereza. "Mkutano upite kwanza. Kuna wakuu wa chuo, kuna wafadhili. Siku chache zaidi zitamdhuru nani?"

"Kuna mtu mahali fulani leo anaanza kazi ya maisha yake juu ya hatua ile," Profesa akajibu. "Siku chache zitamdhuru huyo."

"Na mkataba wako je? Unajua unajadiliwa mwezi ujao."

"Najua."

Mkuu akapiga meza kwa kiganja. "Basi angalau mfikirie yule binti!"

"Simfikirii mwingine," Profesa akasema. Alipotoka alipita kando ya meza yangu kana kwamba mimi ni kabati.

Ijumaa ile Nekesa alikuja kwangu Al Mansoura. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na mchicha. Alikula kidogo, kisha akasukuma sahani.

"Mama Asha, huyo mzee anakuheshimu. Mwambie anyamaze. Mimi nishamwomba, ameniangalia tu kama ukuta."

"Mwanangu, unadhani atanisikia?"

"Ati ni ukweli! Ukweli gani huo unakula watu?" Akafunika uso kwa mikono. "Na mbaya zaidi, ni mimi niliuliza. Si ningenyamaza tu."

Nilimshika bega, nikamsogezea tena sahani. Hata hivyo Jumapili nilimwendea Profesa, nikamwambia binti anaumia, hana pa kushika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa unyenyekevu uliopoza hasira yangu yote, "Mama Asha, ungekuwa wewe mama yake, ungependa apewe kitu ambacho siku yoyote mtu anaweza kuja kumvua hadharani?" Nilikuwa na jibu la ndiyo na jibu la hapana, na yote mawili nilikuwa nayaamini. Nikarudi mezani kwangu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mkuu alimkaribisha Profesa kwa maneno marefu, huku akimtazama kwa macho ya kumsihi. Profesa alipanda jukwaani na koti lake la sufu. Aliandika kanuni yake ubaoni, watu wakapiga makofi. Aliandika uthibitisho, mstari kwa mstari, na mimi nilikuwa nimesimama ukutani nimeshika trei ya vikombe. Alipofika kwenye ile hatua akaweka chaki chini.

"Hapa niliandika kwamba ni dhahiri," akasema. "Si dhahiri. Sijui hata kama ni kweli. Aliyeuliza ni mwanafunzi wangu, Nekesa, ambaye ana ujasiri kuliko sisi wote tuliosoma mstari huu tukapita. Kazi yoyote iliyosimama hapa, kuanzia na yangu, nawaomba iwekwe kando mpaka tujue."

Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono, akapendekeza njia ya kuziba shimo. Profesa akamwonyesha kwa nini haifai. Akainuka mwingine, njia nyingine. Nayo akaivunja. Iliendelea hivyo hadi adhuhuri, yeye peke yake pale juu akibomoa kila ubao waliomtupia wa kumwokoa, jasho likimtiririka kwenye masikio. Nekesa alikuwa ameketi nyuma kabisa. Jina lake lilipotajwa watu wote waligeuka kumtazama, baadhi wakitabasamu kwa heshima. Aliinuka akatoka. Nilimfuata nikamkuta kwenye ngazi za nje, juani.

"Amenipa sifa," akasema. "Sifa! Ni kama kuitwa jina kwa mazishi yako mwenyewe."

Kitu kilichofuata sikukitarajia kwa mtu ambaye hakuwahi kuomba hata kiti kipya. Profesa alikwenda kwa mkuu wa idara kuomba. Alikwenda Jumatatu, akafukuzwa kwa upole. Akarudi Jumanne. Alikaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, kofia mapajani, kama mzazi anayemwombea mtoto nafasi ya shule.

"Mwongezeeni muhula mmoja," alisema alipopokewa.

"Ungenisikiliza, asingehitaji muhula," mkuu akamjibu.

"Kweli kabisa. Sasa nakuomba."

Sijui walisemezana nini baada ya hapo, maana safari ile mlango ulifungwa. Nekesa alipata muhula wake na kibali chake. Mkataba wa Profesa haukujadiliwa tena. Hakuna aliyesema kwamba ni adhabu. Yeye mwenyewe aliniambia tu kwamba mkewe atafurahi, itabidi sasa ajifunze kweli kula samaki.

Muhula ule ulikuwa mgumu kuutazama. Nekesa alikuja kila asubuhi, akasema "Habari ya asubuhi, Profesa," bila kumtazama usoni. Mandazi hayakuja tena. Walisimama ubaoni kama wapinzani mahakamani. Nekesa alikuwa amegundua kwamba tawi moja dogo la ukoo ule wa milinganyo lina sababu yake yenyewe ya kuwa na mwisho, haligusi shimo hata kidogo. Ilikuwa kazi ndogo kuliko ile aliyoiota, lakini ilikuwa yake. Profesa aliishambulia kila upande. Niliwasikia mpaka kwenye meza yangu: "Kwa nini?" "Kwa sababu hii." "Kwa nini?" Hadi asubuhi moja kipande cha chaki kikagonga ukuta.

"Hakuna kwa nini tena!" Nekesa alikuwa akipiga kelele. "Imeisha! Tafuta wewe mwenyewe mahali imevuja!"

Niliinuka, nikasimama mlangoni. Profesa alikuwa ameukazia macho ubao. Alianza juu, akashuka polepole mpaka chini, akarudi juu.

"Haivuji," akasema hatimaye. "Nenda ukawaonyeshe."

Nekesa alifaulu. Siku hiyo aliwashukuru watahini, wazazi wake, mimi, hata yule mlinzi Mganda. Profesa yeye alipewa mkono tu, kama anavyopewa afisa wa uhamiaji. Nilimsindikiza Nekesa uwanja wa ndege. Kwenye foleni ya mizigo nikamwuliza kama bado ana hasira.

"Alikuwa sahihi, Mama Asha. Hiyo ndiyo shida. Angekuwa amekosea ningekuwa nishamsamehe."

Profesa naye akaondoka kiangazi kile. Ofisi yake ikapewa mtu wa takwimu, ubao mweusi ukatolewa.

Miaka kadhaa baadaye alipita Doha akielekea kumwona mwanawe Australia, akaomba tuonane kwenye mkahawa wa hoteli moja ya Al Sadd. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilimkuta ameshafika, fimbo imeegemea meza, kifaa cha kusikilizia kwenye sikio. Alikuwa amepungua sana. Mkewe alikuwa amefariki. Aliniuliza habari za Asha, za mume wangu, za mama. Kisha akazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari.

"Na Nekesa?"

"Yuko kwao. Anafundisha chuo."

"Bado?" Hakuwa na haja ya kutaja hasira.

"Bado," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali. Sikuwa nimemwambia kwamba Nekesa alikuwa amenipigia wiki ile. Nilipomtajia safari ya Profesa, akasema kitu kimoja: "Akifika, nipigie. Nina neno naye." Sauti yake haikunipa amani, na tangu nikae pale nilikuwa nahisi simu ikiniunguza mkobani. Nikaitoa, nikapiga, nikaiweka mezani kwa sauti kubwa ili asikie.

"Nekesa, yuko hapa."

"Profesa." Nyuma yake palikuwa na kelele za wanafunzi. "Kanuni yako ni ya uongo."

Kijiko kikatulia.

"Si kwamba haijathibitishwa. Ni ya uongo. Nimepata mlinganyo mmoja wa ukoo ule, majibu yake hayaishi. Mwaka mzima natafuta kosa kwa hesabu yangu. Sijaonyesha mtu."

Nilimwona mzee akiushika ukingo wa meza kwa vidole vyote. Kazi ya ujana wake, jina lake kwenye vitabu vya watu, na mimi ndiye niliyemletea habari hizo mezani kama mhudumu. Nilitamani kuikata simu.

"Hujaonyesha mtu," akasema taratibu. "Kwa nini unanionyesha mimi?"

"Kwa sababu wengine wataniambia hongera. Wewe utanipiga mpaka nijue kama ni kweli."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akavuta kitambaa cha karatasi, akatafuta kalamu kwenye koti. "Anza mwanzo," akasema. "Polepole. Sisikii vizuri."

Niliwaacha nikaenda kusali alasiri. Niliporudi walikuwa wanagombana. Yeye alikuwa amesimama bila fimbo, ameinamia simu, mezani pametapakaa vitambaa vilivyojaa namba, na watu wa meza za jirani wamegeuka kumtazama. "Hapana, hapana, hiyo huwezi!" alikuwa akisema, na kutoka Kenya sauti ilimjibu kwa ukali uleule, "Kwani umesikiza nilichosema, Profesa? Ngoja nirudie!" Hakuna aliyegundua kwamba nimerudi. Nikaketi pembeni, nikachungulia simu. Chaji ilikuwa inakwisha. Nikainuka kimyakimya kwenda kumwomba mhudumu waya.